Ukiokota Mali ya Mtu: Mwongozo wa Kuirudisha kwa Mwenyewe

Pochi ikimdondoka mtu sokoni, imetoka mkononi mwake lakini haijatoka katika milki yake. Bado ni yake, hata kama hajui ilipo. Anayeiokota hajapata mali, amepata wajibu. Huo ndio msingi wa sheria zote mbili zinazowagusa wakazi wengi wa pwani ya Kenya na Tanzania: sheria ya serikali na sheria ya Kiislamu. Wahenga walikwishalisema hilo kwa ukali wao: cha mtu mavi.

Wengi wanaoingia matatani kwa vitu vya kuokota si wezi wa kazi. Ni watu waliokaa kimya. Waliweka kitu kabatini wakisema mwenyewe akija atapewa, siku zikapita, shida ikabisha hodi, kikatumika. Mwongozo huu umeandikwa ili ukimya huo usikukute.

Sheria ya serikali inasemaje

Sheria za adhabu za Kenya na Tanzania Bara zilirithiwa kutoka enzi ya Waingereza, ndiyo maana katika jambo hili zinafanana karibu neno kwa neno. Kwa Kenya tazama kifungu cha 268 cha Sura ya 63. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 258 cha Sura ya 16. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu. Vifungu hivyo vinaeleza maana ya wizi, na ndani yake mmewekwa maneno yanayomhusu mwokotaji. Mtu anayekifanya chake kitu alichokiokota hahesabiwi kuwa ametenda kwa hila iwapo, wakati ule anapokifanya chake, hamjui mwenyewe, na pia ana sababu za maana za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana.

Hayo ni masharti mawili na lazima yote yatimie. "Sikumjua mwenyewe" ni nusu tu ya utetezi. Nusu ya pili ni swali ambalo askari na hakimu watakuuliza: ulifanya nini ili umjue? Pochi yenye kitambulisho ndani ina jina la mwenyewe, kwa hiyo kuila pesa yake hakuna utetezi. Bahasha uliyoikuta kwenye kiti cha daladala au matatu ina konda, ina dereva, ina stendi ambako aliyepotelewa atarudi kuuliza. Noti moja iliyopeperushwa na upepo barabarani, isiyo na alama wala mtu karibu, hiyo ni habari nyingine.

Angalia pia kwamba sheria inatazama wakati wa kukifanya kitu kuwa chako. Maadamu umekihifadhi na unamtafuta mwenyewe, hujafanya kosa. Ukimjua mwenyewe kabla hujakitumia, kisha ukakitumia, utetezi umekwisha. Nchini Kenya wizi wa kawaida, usiowekewa adhabu yake maalumu, unaweza kumfunga mtu hadi miaka 3, kwa mujibu wa kifungu cha 275.

Je, mwokotaji hana haki yoyote? Anayo. Mwaka 1722 huko London, kijana aliyekuwa akifagia mabomba ya moshi aliokota kipande cha pambo chenye kito, akakipeleka kwa sonara kukithaminisha. Sonara akakizuia kile kito. Mahakama ikaamua kwamba mwokotaji ana haki juu ya alichokiokota dhidi ya kila mtu, isipokuwa mwenye mali. Kesi hiyo, Armory dhidi ya Delamirie, bado inatajwa katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza. Maana yake kwako ni kwamba mpita njia hawezi kukupora ulichookota kwa hoja kuwa nacho si chako. Lakini mwenyewe akitokea, haki yako inakoma.

Lukata: sheria ya Kiislamu

Vitabu vya fikihi vina mlango mzima wa mali ya kuokota, unaoitwa lukata. Hadithi iliyo nguzo yake imepokewa na Zaid bin Khalid Al-Juhani. Mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mali ya kuokota, akaelekezwa akitambue chombo chake na kamba iliyokifungia, kisha aitangaze kwa mwaka. Mwenyewe akija, apewe; asipokuja, mwokotaji anaweza kuitumia. Katika hadithi nyingine, sahaba Ubayy bin Kaab aliokota mfuko wenye dinari 100, na kila alipomrudia Mtume aliamrishwa aendelee kutangaza.

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mwokotaji katika muda huo ni mwenye kushika amana. Kitu kikiharibika au kikaibiwa bila uzembe wake, halipi. Lakini aliyeokota tangu mwanzo kwa nia ya kukila, huyo ni mporaji na analipa kwa hali yoyote. Nia uliyoinama nayo ina hukumu yake.

Fahamu mpaka kati ya sheria hizi mbili. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pekee. Kadhi hatakufunga kwa kutotangaza mwaka mzima. Kwa mambo ya lukata Mwislamu anajibu mbele ya Mola wake, na mbele ya hakimu wa serikali anajibu kwa Sheria ya Adhabu. Anayefuata masharti ya lukata kikamilifu, aghalabu atakuwa amekwisha kutimiza na yale ya serikali, kwa sababu mwaka wa kutangaza ni ushahidi mzito kwamba mwenyewe alitafutwa.

Hatua za kufuata

*Amua kama utaokota.* Hulazimiki kuokota kila unachokiona. Ikiwa mahali ni salama na mwenyewe yumkini atarudi punde, kama msikitini, darasani au dukani, mwite mhusika wa mahali hapo umwoneshe. Usipojiamini na nafsi yako, kiache au mwite mtu mwaminifu. Silaha, risasi au kitu usichokielewa usikiguse kabisa, waite polisi.

Jihadhari pia na kitu kinachodondoshwa makusudi. Katika miji yetu kuna matapeli wanaoangusha bunda mbele yako, kisha mwenzao anakuja mbio na kukutaka mjitenge mahali mkagawane. Bunda ni makaratasi, na kinachotakiwa ni pesa na simu yako wewe. Anayekataa kugawana mali ya mtu hanaswi na mtego huo.

*Weka shahidi.* Hadithi ya Iyadh bin Himar inamtaka mwokotaji ashuhudishe mtu mmoja au wawili waadilifu, asifiche wala asigubike. Faida ni mbili. Nafsi haitakushawishi baadaye, na ukifa ghafla warithi wako hawatagawana kitu hicho wakidhani ni chako. Mbele ya shahidi huyo, hesabu pesa, piga picha, andika tarehe, saa na mahali.

*Toa taarifa.* Kwa kitu chenye thamani, nenda kituo cha polisi. Hakikisha maelezo yako yameandikwa, na usiondoke bila namba: Wakenya huiita namba ya OB, Watanzania RB. Ukikiacha kitu pale, omba karatasi iliyosainiwa yenye orodha ya vilivyomo, kiasi cha pesa, na jina na namba ya askari aliyepokea. Kijijini au mtaani, mjulishe pia chifu, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au mtendaji.

*Tangaza, lakini usimwage siri.* Hapa ndipo watu wema hukosea. Anayeandika kwenye kundi la WhatsApp "nimeokota pochi nyeusi ya ngozi, ina shilingi 7,400 na picha ya mtoto" amekwisha kumpa tapeli majibu yote. Sema tu: "Nimeokota pochi karibu na soko, Jumanne asubuhi. Aliyepotelewa anitafute." Rangi, kiasi, mshono uliochanika na kilichomo mfuko wa ndani ni vyako kuvificha. Ndivyo kilivyofanya kazi kile chombo na ile kamba katika hadithi: mwokotaji azijue alama, mwenye mali ndiye azitaje.

Tangaza mahali ulipookota na mahali watu wanapokusanyika: sokoni, stendi, kituo cha bodaboda, redio ya mtaani, makundi ya simu. Kwa Mwislamu, matangazo ya vilivyopotea hayafanywi ndani ya msikiti. Simama mlangoni watu wakitoka. Kuhusu muda, wanavyuoni wa Kishafi hawakutaka upige kelele kila siku mwaka mzima. Mwanzo kila siku, kisha kila wiki, kisha kila mwezi, ili tangazo la leo lionekane kuwa ni mwendelezo wa lile lililopita.

*Mhoji anayedai.* Usimwonyeshe kitu, mwache akieleze. Muulize kilikuwa na nini ndani, alikipoteza wapi na lini, alikuwa akitoka wapi kwenda wapi. Simu aifungue kwa namba yake ya siri mbele yako. Wakijitokeza wawili, mhoji kila mmoja peke yake. Usiporidhika, wapeleke polisi. Ukimpa asiye mwenyewe kwa pupa ya kutua mzigo, mwenyewe halisi anaweza kukudai wewe.

*Kabidhi kwa maandishi.* Mstari mmoja unatosha: nimepokea kitu fulani kutoka kwa fulani, tarehe fulani. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi, na shahidi yule yule wa mwanzo akiwepo.

Kila kitu na njia yake

*Vitambulisho, pasipoti na kadi za benki.* Hivi havitangazwi mwaka wala havina siku vitakapokuwa vyako. Peleka kitambulisho polisi, kwa chifu au ofisi ya mtaa. Kadi ya benki ipeleke tawi lolote la benki iliyoitoa. Usisambaze picha inayoonyesha namba zake. Jina peke yake linatosha kumfikia mwenyewe.

*Simu.* Iache na laini yake, ichaji, isubiri kupigiwa. Anayechomoa laini amekata njia ya pekee ya mwenye simu kumfikia, na kwa kitendo hicho ameonyesha nia yake. Ukiuziwa simu "ya kuokota", usinunue. Nchini Kenya kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 14 chini ya kifungu cha 322, adhabu inayozidi ya wizi wa kawaida mara nyingi.

*Pesa iliyotumwa kwenye simu yako kimakosa.* Hii ndiyo lukata ya zama zetu, na wengi hujidanganya kwamba aliyekosea namba ameliwa kwa kosa lake. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 35, inamtia hatiani anayeficha au kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa, pamoja na kadi ya benki aliyoiokota. Faini ni hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Fanya hivi: kwanza angalia salio lako mwenyewe, maana ujumbe wa kughushi ni mbinu ya kila siku. Pesa ikiwa imeingia kweli, usiitumie. Na usikimbilie kuirusha kwa mkono wako, kwa kuwa mtumaji huenda amekwisha kuomba irudishwe na utakatwa mara mbili. Mwambie aombe kwa kampuni. Kwa M-Pesa ya Kenya atume ule ujumbe wa muamala kwenda namba 456. Kwa mitandao mingine apige kituo cha huduma kwa wateja, na wewe ukiulizwa kukubali, kubali.

*Vyakula na vitu vya kuharibika.* Kapu la samaki haliwezi kusubiri. Fikihi inakupa njia mbili: ukiuze na uweke thamani yake kwa ajili ya mwenyewe, au ukile na ujue kwamba unadaiwa. Njia ya kuuza ni salama zaidi, na ifanye mbele ya shahidi.

*Vitu duni.* Tende moja, sindano, kipande cha kamba: Mtume aliona tende njiani akasema lau si kuchelea kuwa ni ya sadaka angeila. Kitu ambacho mwenyewe hatarudi kukitafuta hakihitaji matangazo. Kilicho na thamani ndogo kinatangazwa muda unaokadiriwa kuwa mwenyewe bado anakifikiria.

*Wanyama.* Alipoulizwa kuhusu ngamia aliyepotea, Mtume alimkataza muulizaji asimshike, kwa kuwa ngamia ana miguu yake na maji yake tumboni, atakunywa na kula mpaka mwenyewe amkute. Kondoo alikuwa na hukumu tofauti, kwa sababu asiposhikwa na mtu ataliwa na mbwamwitu. Baadaye, katika ukhalifa wa Uthman, ngamia waliopotea waliamriwa watangazwe, wauzwe na thamani yao iwekwe mpaka mwenyewe aje, kwani hali za watu zilikuwa zimebadilika. Kwetu, mbuzi au ng'ombe akiingia zizini mwako asikolala, mjulishe chifu au mtendaji siku hiyo hiyo na uwaite majirani waangalie alama zake. Kenya ina sheria maalumu ya wizi wa mifugo, na mnyama asiyejulikana zizini kwako ni maswali yanayokungoja.

*Vitu vya kale.* Sarafu za zamani au vigae vya kauri unavyovichimbua shambani karibu na magofu si mali ya aliyepotelewa, wala si yako. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inavilinda. Toa taarifa makumbusho, usiviuze kwa watalii.

*Ukiwa Makka.* Kilichodondoka ndani ya eneo la Haram hakimilikiwi na mwokotaji hata mwaka ukipita. Anaruhusiwa kukiokota yule tu atakayekitangaza. Kwa hujaji mwenye siku chache, la busara ni kukikabidhi kwa wahudumu wa pale au kukiacha.

Kuhusu zawadi

Mwokotaji hana haki ya kudai fungu. Kumwambia mtu "nipe elfu tano ndipo nikupe kitambulisho chako" ni kumuuzia mali yake mwenyewe. Lakini aliyepotelewa akitangaza mapema kwamba atakayeleta atapewa kiasi fulani, hiyo ni ahadi inayomfunga kwa aliyehangaika kutafuta kwa sababu yake. Wanafikihi huiita juala, na ushahidi wao ni kisa kilichomo katika Sura Yusuf, ambapo atakayeleta kopo la mfalme aliahidiwa shehena ya ngamia. Ukipotelewa, ahidi unachoweza kulipa na ulipe. Hata kama hukuahidi, mrudishie aliyekuletea nauli na pesa ya simu aliyotumia, ili wema usimtie hasara.

Ikiwa wewe ndiye uliyepotelewa

Rudi ulikopita kabla saa hazijapita, uliza, acha namba yako. Funga laini na kadi ya benki kwanza, kisha ripoti polisi. Wakenya watahitaji abstrakti, Watanzania ripoti ya upotevu, ili kupata kitambulisho kingine. Tangu leo, kabla hujapoteza chochote, bonyeza *#06# kwenye simu yako na uiandike mahali ile namba inayojitokeza. Ndani ya pochi weka karatasi yenye namba ya ndugu yako, kwa kuwa mwema akiiokota atahitaji pa kuanzia.

Kuna pia pesa inayopotea bila kudondoka popote: akaunti ya marehemu baba, hisa zilizosahaulika, bima ambayo hakuna aliyeijua. Nchini Kenya, Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya 2011 inazilazimisha benki na taasisi nyingine kuikabidhi mali hiyo kwa mamlaka inayojulikana kama UFAA baada ya muda uliowekwa. Kwa akaunti ya benki isiyoguswa, muda huo ni miaka 5. Mali haiwi ya serikali. Inatunzwa mpaka mwenyewe au warithi wadai. Angalia kwa kubonyeza *361#, na ujaze madai mwenyewe bila kumlipa dalali.

Mwaka ukipita

Umetangaza, umengoja, hakuna aliyekuja. Kwa Mshafi, sasa unaweza kuimiliki mali ile, uwe tajiri au maskini. Wahanafi humruhusu maskini pekee aitumie, na tajiri huitoa sadaka. Unaweza pia kuendelea kuihifadhi. Njia yoyote utakayochagua, haki ya mwenyewe haifi: akija baada ya miaka kumi akathibitisha, anarudishiwa kitu chake kikiwapo, au thamani yake kikiwa kimetumika. Ikiwa ulitoa sadaka, anachagua kati ya kuzikubali thawabu na kulipwa.

Kwa hiyo usiifute rekodi yako. Iandike katika wasia: kitu gani, wapi, lini, shahidi nani, na kilitumikaje. Wasomee wanao maandishi hayo ungali hai, wajue kwamba katika mirathi yao kuna fungu ambalo huenda siku moja mtu atalijia, na kwamba akija na alama zake sahihi, watamlipa kabla hawajagawana.